Jumamosi za Nahodha

Katika kaunti hii yote hakuna mtu mwingine anayefanya kazi ninayoifanya, na nasema hivyo bila haya. Wapo wanaojua wachezaji wa kandanda wa Ulaya hadi majina ya watoto wao. Wapo wazee wanaokumbuka ngamia wa babu zao mmoja mmoja, rangi na tabia. Lakini ukitaka kujua nani alicheza mpira wa magongo Garissa, alicheza nafasi gani na maisha yalimtupa wapi baadaye, itabidi uje dukani kwangu karibu na soko, ungoje nimalize kutoa nakala za wateja, ndipo uniulize.

Duka ni langu. Mashine za kuchapa ni zangu. Stashahada iliyotundikwa ukutani, ya usimamizi wa kumbukumbu, ni yangu pia; niliisomea jioni baada ya kazi, kwa jasho langu, bila mjomba wala mheshimiwa wa kunishika mkono. Kabla ya hapo nilikuwa Ghuba. Nilienda kuwa mfanyakazi wa nyumbani, nikahama ile nyumba, nikaajiriwa kupanga bidhaa kwenye rafu za duka kubwa, na niliondoka huko nikiwa msimamizi wa zamu. Wengi nilioondoka nao walirudishwa. Wengine walirudishwa ndani ya sanduku. Mimi nilirudi kwa tiketi niliyoinunua mwenyewe, na nikachagua kurudi Garissa, mji ambao baba yangu, askari jela kutoka bara, aliletwa kwa uhamisho akauona kama kifungo chake mwenyewe hadi alipofia humu. Mimi nimezaliwa hapa. Kwangu si kifungo.

Magongo niliyacheza shuleni, shule ya bweni ya wasichana. Nilikuwa kipa wa akiba. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo mgumu wenye kokoto, umezungukwa na vichaka vya mathenge, na mpira ukiingia kwenye miiba ile tuliufuata kwa zamu na kutoka tumechanika mikono. Tulivaa suruali ndani ya sketi, na hijabu zikafungwa nyuma ya shingo zisije zikafunika macho. Sisi wachache wa kanisani tulijifunga vitambaa vilevile ili timu ionekane moja. Magongo yenyewe yalikuwa ya msaada, yamechezewa na watu wengine hadi yakachoka, na tuliyafunga vichwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kwa vifaa hivyo tulifika mashindano ya taifa ya shule. Watu hawaamini. Ndiyo maana ninaandika.

Njia yangu ya kufanya kazi niliitunga mwenyewe, ingawa misingi yake ni ya darasani. Naanza na picha, kwa sababu picha ikiwekwa mkekani mtu husahau kwamba anahojiwa. Ananyoosha kidole: huyu alikufa akijifungua, huyu yuko Masalani, mumewe ana boti ya kuvusha watu, huyu aliolewa akaacha hata kusalimia. Simu yangu inakuwa imewashwa kando ya kikombe, mbele ya macho yake, sijawahi kuificha. Nikirudi siigusi ile sauti mpaka adhuhuri ya siku inayofuata, mji unapofunga kwa swala, chakula na usingizi. Watu wa bara waliopangiwa kazi hapa hulalamika juu ya saa hizo. Mimi ndizo zimenilea. Nateremsha mlango wa duka, nawasha feni, navaa visikilizi, naandika.

Naandika kila kitu. Mtu akikohoa, naandika amekohoa. Akitamka p kama b, naandika b. Akiingiza Kisomali, naandika Kisomali, nacho nakijua kuliko watoto wa maofisa wanaokulia humu siku hizi wamefungiwa ndani ya kota. Nakala hiyo ya kwanza haionwi na mtu. Kutoka humo natoa ya pili, ya Kiswahili kilichonyooka, na humo haliingii jambo lolote ambalo halina mashahidi wawili waliokuwapo. Mchezaji akisema alifunga bao, namtafuta aliyempa pasi au aliyefungwa.

Mwisho kabisa huja kusomewa. Narudi kwa mwenye maneno, tunaketi na watu wa nyumba yake, chai ya maziwa mengi inamiminwa, nami nasoma wasifu wote kwa sauti. Kila kipande kikiisha, yeye au mkubwa wa nyumba husema waa run, ni kweli. Kinachokataliwa nakikata palepale, na sauti yake naifuta mtu akiona; kinachobaki nakiweka kwenye tovuti yangu. Huku watu hawaogopi kusema. Wanaogopa maneno yao kwenda mahali ambapo wao wenyewe hawawezi kwenda. Ahadi hiyo ya kufuta imenifungulia milango ambayo hata watu wa sensa waligongea wakachoka.

Wa kwanza kumtafuta niliporudi alikuwa nahodha wetu. Nilimkuta sokoni katika safu ya wanawake wa maziwa ya ngamia, ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, muundi wa mguu bado umenyooka kama wa mkimbiaji. Alinitazama kutoka viatu hadi miwani, hakusimama.

“Kipa wa benchi,” akasema. “Umenenepa. Sasa ungeziba lango lote.”

Nilimwambia kwamba nimesafiri, nimesoma, nimefungua duka. Akasema amesikia, kwamba hakuna aliyekuwa hajasikia, kwa sababu ninamwambia kila mtu. Kisha akanipa kikombe cha maziwa akakataa nisilipe. Tangu siku hiyo hatukuachana.

Hakuwa na kitambulisho. Kwa msomaji asiyejua mambo ya kwetu ni lazima nieleze, maana hadithi yote iko hapo. Tulipokuwa kidato cha pili ukame uliua mifugo ya baba yake, mbuzi kwanza, kisha ng'ombe, kisha hata ngamia, wakabaki wachache. Walikuwa wamehamia upande wa Dadaab kutafuta malisho. Pale Hagadera kulikuwa na chakula, lakini kilikuwa cha wakimbizi waliovuka mpaka kutoka Somalia. Baba yake ni Mkenya, mtoto wa Mkenya. Akajipanga kwenye foleni na kusema wametoka ng'ambo. Wakaandikwa wote, na vidole vya watoto vikabonyezwa kwenye mashine. Familia nyingi zilifanya hivyo mwaka ule. Walidhani wanaandikisha njaa. Nahodha alipotimiza umri akaenda kuomba kitambulisho cha nchi yake, mashine ilisoma vidole vyake ikajibu kwamba yeye ni mkimbizi.

Tangu hapo hajavuka daraja la Tana, kwa sababu kwenye kizuizi polisi huuliza kitambulisho kabla ya salamu. Laini yake ya simu ina jina la adeer yake, ndugu wa baba. Msichana aliyetuongoza hadi nyanda za juu kwenye mashindano ya taifa, akatusimamisha kwenye baridi tuimbe wimbo wa taifa, amekaa mji huu mmoja kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

Kisha ukafunguka mlango. Shule moja ya wasichana hapa mjini iliamua kufufua magongo, na mwalimu mkuu, mama wa bara mwenye haraka ya kila jambo, akaja dukani kuniuliza kama namjua mtu anayefaa kuwa kocha. Nani mwingine angeulizwa? Nikamtaja nahodha. Mwalimu mkuu alimwita alasiri moja, akamtazama akiwafundisha wasichana namna ya kuinama bila kuvunja mgongo, akamtaka palepale. Ila karatasi za ajira zilidai kitambulisho. Na wakati huohuo ilikuwa imetangazwa kwamba kamati ya kuwachuja watu wenye shida kama yake itaketi kwenye ofisi ya chifu. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu. Kamati ikimsafisha, nahodha anakuwa kocha. Isipomsafisha, anabaki na maziwa.

Alitakiwa kuonyesha kwamba alikuwa mwanafunzi Garissa wakati ambapo mashine inasema alikuwa mkimbizi Hagadera. Cheti cha shule alikuwa nacho, lakini ilijulikana mji mzima kwamba kamati ile husema vyeti hununuliwa. Shule ikajibu kwamba rejista za miaka ile ziliharibiwa na mchwa na maji ya mvua. Kocha wetu, mwalimu mpole wa bara aliyejua magongo kuliko alivyojua hesabu aliyoajiriwa kuifundisha, alikwisha kufa. Nikamwambia nahodha asiwe na hofu. Mimi nitamwandikia wasifu ambao kamati haitaweza kuubishia.

Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama ile. Niliwatafuta wenzetu wanne, kila mmoja peke yake, wasije wakapatana maneno. Wote walimweka nahodha uwanjani, muhula baada ya muhula. Na wote, bila kuulizwa, walikumbuka jambo moja: mwaka ule wa ukame hatukuwa na mazoezi Jumamosi. Kocha aliyahamishia Jumapili alasiri, baada ya ibada yetu sisi. Beki mmoja alisema sisi wasichana tuliamini kocha ana mke wa pili mahali fulani na Jumamosi ndiyo zamu yake.

Nahodha ndiye aliyenieleza sababu. Jumamosi ilikuwa siku ya zamu ya chakula Hagadera. Baba alikuwa amefuata ngamia wa mwisho, mama alikuwa na mtoto mchanga, na mkubwa aliyebaki ni yeye. Ijumaa baada ya vipindi alipanda lori la mizigo, Jumamosi akapanga foleni, akapokea unga na mafuta, akawaachia mama na wadogo, na Jumapili akarudi na lori hilohilo, akaingia uwanjani na vumbi la njia nzima kwenye kope. Kocha alijua. Alihamisha mazoezi ya timu nzima kwa ajili yake na hakumwambia mtu. Niliandika hayo adhuhuri moja, feni ikizunguka, na nikajiambia kwamba hapo ndipo pa kumwokoa: ukieleza Jumamosi, umeeleza mashine na umeeleza shule kwa pamoja. Mama yake alikuwapo, lakini kwenye mashine naye ni mkimbizi; kwa kamati, nahodha alikuwa shahidi mmoja tu. Na kanuni yangu ilitaka wawili.

Wa pili alijileta mwenyewe. Winga wetu wa kulia siku hizi ni mwalimu wa serikali huko Rhamu. Mumewe ana shamba la vitunguu kando ya mto Daua. Mimi siendi huko kwa basi. Jina langu la ubatizo havipatani na barabara ile, ambako wenye silaha husimamisha mabasi na kuwachagua Wakristo, na mtu aliyepona Ghuba hatafuti kifo cha bure njiani. Kwa hiyo tulikuwa tunatumiana sauti kwa simu. Nilimuuliza juu ya bao lake la nusu fainali. Alijibu, akapitiliza, na katikati ya kucheka, akiniita abaayo, yaani dada, akasema hivi:

“Abaayo, wewe hujui sisi tulitoka wapi. Mimi na nahodha tulikuwa juu ya lori la Hagadera kama mbuzi. Tunalala kwa mama yake, tunachukua unga, tunarudi kucheza. Na sisi kwetu tuliandikwa; ile siku ya vidole nilikuwa na malaria, dada yangu mdogo akabonyeza badala yangu. Basi mashine hainijui mimi.”

Nilivua visikilizi. Nakumbuka nilicheka peke yangu dukani. Hapo nilikuwa na mwalimu wa serikali, mwenye kitambulisho safi, aliyekuwa juu ya lori lilelile. Nilimuuliza nahodha kwa nini hakuniambia. Akasema nilimuuliza juu ya maisha yake, sikumuuliza juu ya maisha ya winga.

Siku chache kabla ya kamati kuketi, winga alikuja Garissa kwa harusi ya jamaa yao. Nilimfuata kwenye nyumba ya harusi nimsomee. Chumba kilikuwa na wanawake wanaopakwa hina na moshi wa uunsi, ubani wa Kisomali, na yeye alikuwa amekwisha kupakwa, amenyoosha mikono mbele yake ikauke. Nilisoma. Kila kipande alisema waa run, na wenzake wakamtania juu ya mbio zake na kiuno alichokuwa nacho zamani. Nilipofika kwenye lori aliniinulia nyusi ninyamaze, akawaomba wale wanawake watupishe.

“Hapo kata,” akasema.

Nikamwambia hapo ndipo penyewe. Nikamweleza yote, kamati, shule, kazi ya ukocha, na kwamba neno lake moja linatosha. Alinisikiliza hadi mwisho. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuweza kuyafuta kwa sababu ya hina, nami sikujua kama nimfute au nisimfute.

“Nilidhani nakuchekesha,” akasema. “Unamjua dada yangu mdogo? Ameomba kitambulisho mara ngapi, anakataliwa. Vidole vyake viko ndani kwa jina langu. Yeye hakumbuki, alikuwa mtoto. Anafikiri ni bahati yake mbaya. Sasa unataka nikamwambie mbele ya kamati?”

“Utakuwa umemsaidia na yeye,” nikasema.

“Nitakuwa nimepoteza kazi, na yeye atakuwa amenijua. Kata, abaayo. Uliniahidi.”

Nilikuwa nimemwahidi. Nilizifuta zile sauti moja moja, simu ikiwa mbele ya macho yake. Ukurasa niliokuwa nimeuandika niliuchana, nikauweka kwenye chetezo chenye makaa ya uunsi, ukaungua pamoja na harufu nzuri ya harusi. Wapo watakaosema nilikuwa mjinga. Mimi najua watu wangapi wamenifungulia midomo yao kwa sababu naaminika, na kwamba siku nitakapovunja neno hilo mara moja, hata kwa jambo jema, sitaandika wasifu mwingine mji huu.

Nahodha nilimwambia kesho yake sokoni. Adeer yake alikuwapo, mzee mkali anayeuza kamba na ndoo jirani na safu ya maziwa. Yeye ndiye aliyekasirika. Alisema mimi nimesikia kwa masikio yangu, basi nikaseme nilichosikia, sauti iwepo isiwepo. Nikamweleza kanuni yangu. Akanikata kabla sijamaliza.

“Wewe mama wa diploma una kanuni kwa sababu una kitambulisho,” akasema. “Huyu mtoto wangu hana hata kimoja.”

Nahodha alikuwa anammiminia mteja maziwa. Alimaliza, akafuta mdomo wa mtungi, akafunga.

“Adeer, bas. Winga hatatajwa. Hata mimi nikiulizwa sitamtaja.” Kisha akanigeukia. “Na wewe usije ukajitia ushujaa huko ndani. Soma karatasi yako, keti.”

Adeer aliondoka bila kuaga.

Siku ya kamati watu walikuwa wameketi chini nje ya ofisi ya chifu tangu alfajiri, akina mama na bahasha za plastiki mapajani, vijana waliozaliwa na shida hiyo bila kujua ilitoka wapi. Nilivaa suti yangu. Ndani kulikuwa na meza moja: ofisa wa serikali, kijana wa usalama mwenye kompyuta, na mzee wa ukoo wa kuthibitisha nasaba. Nilijitambulisha kwa kazi na kwa stashahada yangu. Ofisa alinisikia lafudhi, akanisalimu kwa lugha ya kwao na baba yangu. Nilimjibu kwa Kiswahili, ili nahodha asikie kila neno linalosemwa juu yake.

Waliniruhusu nisome. Nilisoma kama ninavyosoma majumbani, taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, aliniambia karani wa chifu baadaye, hakuna aliyegusa simu pale mezani. Nilisoma nasaba ya nahodha, malisho ya babu yake, shule, uwanja, mashindano. Nilisoma kuhusu Hagadera pia. Hatukuificha, maana mashine ilikuwa inaijua. Nilisoma kuhusu Jumamosi. Nilionyesha picha ya timu na yeye ameshika kombe. Mzee wa ukoo aligonga meza kwa kidole.

“Huyu ni binti yetu,” akasema. “Namjua babu yake.”

“Mzee,” ofisa akasema, “tangu asubuhi sijamwona ambaye si binti yenu.”

Walicheka, hata mzee mwenyewe. Ofisa hakuwa mtu mbaya. Nimekutana na wabaya, ninawajua. Huyu alikuwa amechoka, na alikuwa na orodha ndefu. Aliuchukua wasifu akaupitia tena kwa macho, kisha akamuuliza nahodha.

“Unasema Ijumaa unatoka shuleni na lori, Jumapili umerudi. Mtoto wa shule, msichana, kilomita zote hizo, kila zamu. Nani alikuona?”

“Kocha alijua.”

“Yuko wapi?”

“Amekufa.”

“Mwingine?”

Nahodha alisema mama yake. Ofisa akasema mama naye ni mkimbizi kwenye mashine, hawezi kumshuhudia mkimbizi mwenzake. Akanigeukia mimi.

“Madam, wewe ulikuwa kwenye hilo lori?”

“La,” nikasema.

“Kwa hiyo hayo ya lori umeyajuaje?”

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nahodha hakunitazama, lakini aliweka mkono wake juu ya meza, kiganja chini, kama alivyokuwa akitufanyia zamani uwanjani kututuliza tunapotaka kukimbilia mpira usio wetu.

“Mimi ndiye nilimwambia,” akasema.

“Hakuna msichana mwingine uliyesafiri naye? Hata mmoja? Timu nzima ya watu?”

“Nilikuwa peke yangu.”

Kijana wa usalama aliandika. Ofisa akafunga wasifu wangu, akausawazisha kingo kwa viganja, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima.

“Umeandika vizuri sana,” akasema. “Lakini hapa ninahitaji mtu aliyekuwapo.”

Wakamwambia jina lake linabaki lilipo mpaka apate ushahidi zaidi, na kwamba kamati itaketi tena. Lini, hawakusema. Tulipotoka nahodha alinishukuru kwa kusoma. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kumwangukia: si winga, si ofisa, hata si yule baba aliyejipanga foleni watoto wake wakiwa na njaa. Tulitembea hadi sokoni, naye akarudi kwenye mitungi yake kabla maziwa hayajachacha.

Mwalimu mkuu alisubiri kidogo, kisha akaacha. Hawezi kulaumiwa, alikuwa na wasichana wanaongoja. Alimwajiri kijana wa kutoka bara, mchezaji wa kandanda, mwenye karatasi zote. Kijana huyo alikuja dukani kwangu kuchapa sheria za mpira wa magongo alizozipata mtandaoni. Alikuwa na adabu. Aliniuliza kama kweli mpira hupigwa kwa upande mmoja tu wa gongo. Nilimwambia ndiyo, nikamchapia.

Winga amerudi Rhamu. Hatutumiani sauti tena. Wasifu wake niliuweka kwenye tovuti yangu kama alivyoukubali, na bao lake la nusu fainali limo, na mashahidi wake wawili.

Uliobaki ni wa nahodha. Nilidhani hatautaka tena, lakini yeye ndiye aliyeniita, akasema kazi iliyoanzwa imalizwe. Nilikwenda nyumbani kwao, nyumba ya mabati yenye ua wa miti ya miiba, alasiri, jua likiwa bado kali. Mama yake, ambaye hata mimi humwita hooyo, ameanza kupoteza macho. Aliketi mkekani na tasbihi, akaniomba nisome kwa sauti kubwa. Nilisoma. Ni wasifu bora kuliko wote nilioandika, na sisemi hivyo kwa sababu ya mapenzi. Kila jambo limepimwa. Kila sentensi inasimama.

Nilipofika kwenye lori, nahodha alinisimamisha. Alitaka niongeze kwamba alisafiri peke yake. Nikamwambia siwezi. Anajua, nami najua, kwamba si kweli. Akasema ndivyo alivyoiambia serikali, na maandishi yangu yako mahali ambapo serikali yaweza kusoma wakati wowote. Wasifu ukinyamaza hapo, mtu atauliza tena alikuwa na nani. Nikamwambia basi ni neno la mtu mmoja, na mimi bila shahidi wa pili siandiki.

“Shahidi wa pili huyu hapa,” akasema, akamwelekezea mama yake kidevu.

Hooyo alikuwa ameacha kuhesabu tasbihi. Wasichana wawili walilala kwenye kibanda chake Hagadera zamu zote za mwaka ule. Aliwapikia unga kwenye sufuria moja, aliwafunika kwa shuka moja. Alimjua winga kama anavyowajua wanawe. Aliiweka tasbihi mapajani.

“Waa run,” akasema. “Alikuwa akija peke yake.”

Nikachukua kalamu, nikaandika.